Tarehe ya Watu na Tarehe ya Mashine

Nchi ninayoisimulia haipo kwenye ramani yoyote, nimeitafuta. Msomaji akihisi ameitambua, basi amechoka, apumzike kidogo kabla ya kuendelea. Mimi mwenyewe sina ugomvi na serikali ya nchi hiyo. Ni serikali nzuri, yenye magari masafi, na yote iliyoyafanya katika habari hii iliyafanya kwa nia njema.

Mambo yalianza siku Mheshimiwa Rais aliporudi kutoka mkutano wa ng'ambo. Huko, wakati wa chai, Rais wa nchi jirani alimnong'oneza kwamba siku hizi kuna mashine zinazopita kwenye tovuti za serikali zote duniani na kuzisoma, na kwamba zikifika kwenye tovuti za nchi ya Mheshimiwa hazielewi chochote kuhusu lini. Zinasoma "Jumatatu ijayo" halafu zinabaki zimeduwaa: Jumatatu ipi? Ijayo kuanzia lini? Rais alishindwa kumaliza chai. Kutoeleweka na wananchi alikuwa ameshazoea, lakini kutoeleweka na mashine za watu aliona ni fedheha kwa taifa.

Bunge likaitwa kwa dharura, na asubuhi moja tu ikatosha kupitisha Sheria ya Tarehe Kusomeka na Mashine. Sheria yenyewe haikuwa ngumu. Popote tovuti ya serikali inapotaja wakati, pawe na tarehe mbili. Ya kwanza ni ya maneno, ile wanayoiona watu. Ya pili inafichwa nyuma ya maneno hayo, ndani ya lebo za ukurasa, kwa tarakimu tupu: mwaka mbele, mwezi katikati, siku nyuma. Hiyo ya pili macho ya mtu hayaioni. Huisoma mashine peke yake. Na tangazo lisilo na tarehe ya pili, mtambo wa serikali ulikuwa umetengenezwa kulikataa.

"Kuanzia leo," Rais alihutubia huku wabunge wakigonga meza, "hakuna tarehe ya nchi hii itakayotembea peke yake! Kila tarehe itakuwa na mwenzake! Mashine za dunia zikipita hapa ziseme, naam, hawa ni watu wa wakati!"

Mbunge mmoja aliuliza kama tarehe hizo mbili ni lazima zifanane. Aliambiwa akae chini, na akakaa.

*

Sheria hiyo ilimkuta Bwana Salmini Shomvi, Msemaji Mkuu wa Wizara ya Maendeleo Yajayo, akiwa mtu mwenye furaha. Salmini ndiye aliyekuwa akiandika matangazo yote ya wizara, na alikuwa na kipaji. Daraja lingekamilika hivi karibuni. Maji yangetoka siku si nyingi. Hospitali ingefunguliwa mara tu taratibu zitakapokamilika. Watu walisema ukisoma tangazo la Salmini unatoka na moyo umetulia kama umekunywa uji wa moto. Waziri wake, Mheshimiwa Profesa Dakta Tiburusi Kandege, alimpenda kwa sababu katika miaka yote ya kazi Salmini hakuwahi kutaja siku ambayo mtu angeweza kuja kuidai.

Aliyempenda zaidi alikuwa dada yake. Dada Mkiwa alikuwa mkunga katika zahanati ya Mtopeni, kwao walikozaliwa, na Mtopeni imetengwa na hospitali ya wilaya na mto mmoja wenye hasira uitwao Kiburuta. Wajawazito walivushwa kwa kukalishwa juu ya mpira wa ndani wa tairi la trekta, huku vijana wakiogelea pembeni wakiusukuma. Watu wa Mtopeni walishawahi kutaka kujenga kidaraja chao cha kamba za chuma, zile zilizoachwa na kiwanda cha katani kilichokufa. Mkiwa ndiye aliyewazuia.

"Mdogo wangu ameandika daraja linakuja hivi karibuni," aliwaambia. "Mkijenga hilo la kwenu, atafika hapa na wageni wake, mtamweka wapi?"

Basi wakamsikiliza, na mpira wa trekta ukaendelea na kazi.

*

Asubuhi baada ya sheria, Salmini alikaa mezani kwa Bi Perusi, mtunza tovuti wa wizara, mama wa makamo aliyependa kutafuna karanga akifanya kazi. Walianza na Daraja la Mtopeni. Bi Perusi aliandika tangazo, akabonyeza, na kioo kikaandika kwa wekundu: TAREHE HAISOMEKI.

"Hapa nyuma inataka mwaka, mwezi na siku," alisema Bi Perusi.

"Andika hivi karibuni."

"Hiyo iko mbele. Nyuma inataka tarakimu."

"Andika siku si nyingi."

Bi Perusi, ambaye hakupenda kubishana, aliandika. Mtambo ukakataa. Wakajaribu "mwakani". Ukakataa. Wakajaribu "Mungu akipenda", wakidhani labda mashine ni ya dini, nayo ikakataa. Salmini alikwenda kumwita Waziri, na Waziri akaja mwenyewe, akarekebisha tai, akainamia kioo na kusema kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "Mimi ni Waziri. Nakuamuru upokee." Wekundu haukutikisika.

Profesa Kandege alivuta kiti. Hakuwa mjinga, alitaka tu kuelewa adui yake.

"Hiyo tarehe ya nyuma," aliuliza, "nani anaiona?"

"Mashine, Mheshimiwa," alijibu Bi Perusi.

"Mwananchi wa kawaida?"

"Akitazama ukurasa haioni."

"Mwandishi wa habari?"

"Na yeye ni macho tu, Mheshimiwa."

"Mke wangu?"

"Haioni."

Waziri alishusha pumzi, uso ukamng'aa. "Sasa tunahangaika nini? Iambieni ukweli! Mashine haipigi kura."

*

Hivyo ndivyo Salmini alivyotumwa kuzunguka vyumba vya wizara kuuliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa humo: lini kweli?

Alidhani watamfukuza. Kumbe watu walikuwa na kiu. Alipoingia kwa Mhandisi Gervasi, mkuu wa madaraja, na kumweleza kwamba jibu litasomwa na mashine tu, yule mhandisi aliamka akafunga mlango, akarudi, akakaa, na machozi yakaanza kumlengalenga.

"Bwana Shomvi, tangu niajiriwe hajawahi kuja mtu kuniuliza. Huletewa tu tarehe ya kutangaza."

"Basi leo nakuuliza. Mtopeni."

Gervasi alipiga hesabu kwa utulivu wa mtu anayekula chakula anachokipenda. Nguzo zilizochimbiwa upande usio wenyewe. Saruji iliyoishia kwenye nyumba fulani zenye ghorofa. Ramani iliyochorwa ya mto mwingine. Kwa mwendo huu, alisema, bila kudanganya na bila kuzidisha, tarehe kumi na nne Machi, mwaka elfu mbili na themanini na moja.

Salmini alimwangalia. "Mwaka gani?"

"Elfu mbili na themanini na moja."

"Samahani. Nimechanganyikiwa. Mbona umeitaja hadi siku?"

"Napenda kazi yangu," alisema Gervasi kwa aibu.

Ofisi za jirani zilisikia, na mchana huo ukawa kama sherehe. Mkuu wa maji alimvuta Salmini koridoni akamwambia kwamba bomba la Kaskazini litatoa maji siku mto utakapohamia Kaskazini. Afisa wa reli alicheka mpaka akaomba kushikwa mkono. Na kwa uwanja wa ndege wa kimataifa wa kijijini kwa Rais, ambao kila mtu alijua ni shamba la mihogo, Bi Perusi alishauri waweke tarehe kubwa kuliko zote ambazo mtambo unazijua: thelathini na moja Desemba, mwaka elfu tisa mia tisa tisini na tisa. Mtambo ukaipokea bila kinyongo.

Hadi jioni tovuti nzima ilikuwa imepita. Mbele, kwa watu, maneno matamu ya Salmini hayakuguswa hata nukta. Nyuma, kwa mashine, ulikaa ukweli wote wa nchi. Waziri aliagiza soda kwa idara nzima. Salmini alikunywa yake, ila alipofika nyumbani alishindwa kula. Alikuwa na tarehe moja kichwani, na kila alipoitoa ilirudi.

*

Kitu ambacho hakuna aliyekifikiria ni kwamba simu pia ni mashine.

Siku hizo simu mpya zilikuwa na tabia ya kimbea: ukigusa wakati wowote uliotajwa kwenye ukurasa, simu inakwenda kuchungulia nyuma, inaichukua tarehe iliyofichwa, na kukuuliza kama ungependa ikukumbushe. Dada Mkiwa alikuwa na simu kama hiyo. Alikuwa ameketi kwenye benchi la zahanati, mama mmoja mjamzito pembeni yake, akimsomea kwa fahari tangazo la mdogo wake, na kidole kikateleza juu ya "hivi karibuni".

Simu ikauliza kwa adabu: *Ungependa nikukumbushe Ufunguzi wa Daraja la Mtopeni, Ijumaa, 14 Machi 2081?*

Mkiwa aliisoma, akakifuta kioo kwa kanga, akaisoma tena. Halafu akampigia.

"Salmini."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mwaka elfu mbili themanini na moja wewe utakuwa na umri gani?"

Salmini alijua palepale.

"Dada, hiyo umeionea wapi? Hiyo si ya watu. Hiyo ni ya mashine."

"Kwa hiyo mashine ndiyo ndugu yako."

"Si hivyo, dada. Ni utaratibu wa ofisi..."

"Mimi nimewazuia watu wasijenge. Nimewaambia subirini, Salmini wetu ameandika. Unajua mwaka jana mpira ulipinduka na nani juu yake? Unajua, kwa sababu nilikupigia ukalia na mimi kwenye simu. Kisha kesho yake ukaandika tena hivi karibuni." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza Salmini. "Mashine ungeidanganya isingedhurika. Mbona ulichagua kutudanganya sisi?"

Akakata. Salmini alibaki na simu sikioni, akisikiliza pasipo na mtu.

*

Habari zilienea nchi nzima, na hapa ndipo wananchi walipoishangaza serikali, maana hawakuandamana. Walifurahi! Hatimaye walikuwa wamepata mahali pa kuulizia. Mke akimwuliza mume atarudi saa ngapi na mume akajibu "sasa hivi", mke alisema, "Hiyo ya watu. Nipe ya mashine." Fundi cherehani aliyeahidi suruali Ijumaa alibanwa mpaka akakiri kwamba ya mashine ni mwezi wa saba. Mchungaji mmoja alisema mahubiri yake yatakuwa mafupi, na kanisa zima likatoa simu.

Walioambiwa bomba lao linasubiri mto kuhama walianza kuchimba visima. Mtopeni hawakungoja hata Mkiwa amalize kuomba radhi. Waliingia kwenye mabaki ya kiwanda cha katani, wakazibeba kamba za chuma mabegani kama nyoka mrefu mwenye miguu ya watu, wakazifunga kwenye miamba ya pande mbili, wakapiga mbao. Mkiwa alisimamia kwa ukali uleule anaosimamia wanaojifungua.

Waziri, kwa upande wake, alipatwa na homa. Alimwita Salmini na Bi Perusi na kuwafokea kwamba tarehe za nyuma zibadilishwe zote, leo hii, ziwe za karibu.

"Karibu kiasi gani, Mheshimiwa?" aliuliza Bi Perusi.

"Karibu kuliko zote! Niwaonyeshe hao! Kesho!"

"Miradi yote?"

"Yote!"

Salmini alifungua mdomo amwonye. Akakumbuka sauti ya dada yake, akaufunga. Bi Perusi akaweka karanga chini, akaandika.

*

Kulipokucha, simu za nchi nzima zililia kwa pamoja. *Leo: ufunguzi wa hospitali. Leo: ufunguzi wa reli. Leo: maji yanatoka, tafadhali chukua ndoo.* Watu walivaa nguo za sikukuu wakaenda. Kwenye reli isiyokuwepo zilikusanyika familia na mabegi yao. Kwenye shamba la mihogo kijijini kwa Rais alitokea bibi mmoja na pasipoti, akauliza mlango wa kuondokea ni upi.

Na simu ya Mheshimiwa Rais nayo ililia. Ilimwambia: *Leo: Ufunguzi wa Daraja la Mtopeni.* Rais, ambaye huenda popote penye utepe, aliagiza msafara.

Profesa Kandege alipata taarifa akiwa anapaka sabuni ya ndevu. Alimpitia Salmini na shavu moja jeupe, na gari likaruka mashimo yote ya barabara ya Mtopeni, ambayo ingewekwa lami siku si nyingi.

"Tukifika kabla yake tutasema limesombwa," alisema Waziri. "Usiku. Mafuriko."

"Hakujanyesha, Mheshimiwa."

"Basi limeibwa!"

Walipofika, waliwakuta watu wengi ukingoni, na juu ya Kiburuta limetandazwa daraja. Jembamba, linayumba kidogo, lakini daraja. Waziri alishika mlango wa gari asianguke. Kisha, kwa wepesi unaowafanya watu kuwa mawaziri, alijifuta povu na kuanza kutabasamu. Msafara wa Rais ukaingia ukipiga ving'ora.

"Hongera, Profesa!" alisema Rais akiteremka. "Nasikia lilitarajiwa miaka ya themanini na kitu. Umeliwahisha kwa zaidi ya nusu karne! Umelijengaje?"

"Kwa maono yako, Mheshimiwa Rais." Akamgeukia Salmini. "Msemaji atatoa maelezo."

Salmini alipewa kipaza sauti. Watu wa Mtopeni walimtazama. Wengine walikuwa na mikono iliyochubuka na kufungwa vitambaa. Dada Mkiwa alisimama kwenye ubao wa kwanza wa daraja, mikono kiunoni, hakumsaidia kwa lolote. Maneno matamu yalimjia Salmini yenyewe, kwa mazoea, yakajipanga mdomoni. Akayameza. Yalikuwa machungu yakirudi.

"Mheshimiwa Rais," alisema, "wizara haikujenga daraja hili. Wamelijenga hawa. Na wangelijenga zamani, wala mama mmoja wa hapa asingezama, isingekuwa mimi nilikuwa nawaandikia wasubiri."

Profesa Kandege alianza kupungua ndani ya suti yake. Rais alimtazama Salmini, akawatazama wananchi, akapasua kicheko kikubwa cha furaha.

"Mmesikia? Mmesikia unyenyekevu huo? Wizara haikujenga, wamejenga wananchi! Na serikali ni nani? Si ninyi wananchi? Basi serikali ndiyo iliyojenga!"

Wapambe walipiga makofi. Rais alikata utepe waliokuja nao, akavishwa kofia ya majani, na Profesa Kandege akapewa nishani palepale kwa kuwahisha mradi. Rais alitaka kuvuka na walinzi wake wote, lakini Mkiwa alitandaza mkono njiani.

"Mmoja mmoja, baba. Mbao hazijui vyeo."

Rais alitazama chini, akauona mto, akasema ameona inatosha.

*

Waziri hakumfukuza Salmini siku hiyo. Alimfukuza kesho yake, kwa barua nzuri isiyotaja sababu. Sheria nayo ilirekebishwa kimyakimya: siku hizi tarehe ya nyuma inasomwa na mashine moja tu, na mashine hiyo iko ofisini kwa Waziri, haijaunganishwa umeme. Rais wa nchi jirani akiulizia, huambiwa mambo yanakwenda vizuri.

Salmini alikwenda Mtopeni na begi moja. Dada yake hakumsamehe mlangoni. Alimpa nyundo. Kulikuwa na kijiji cha juu, Lukwangule, kilichotaka kidaraja kama kile, na mafundi wa Mtopeni walikuwa wanaondoka kwenda kuwasaidia. Salmini alibeba kamba za chuma kwa mabega ya mtu wa ofisini. Jioni ya kwanza hakuweza kushika kijiko, Mkiwa akamlisha wali, kisha akacheka, naye akacheka, na wote wawili wakalia kidogo.

Huko Lukwangule kulikuwa na mama mmoja muuza maandazi, jina lake Sikujua, aliyekuwa na mpango wa kuvusha biashara yake siku daraja likifunguliwa. Alimwendea Salmini aliyekuwa juu ya gogo anapiga misumari.

"Kaka, litaisha lini? Nataka kujua nikande unga siku gani."

Salmini alitazama mbao zilizobaki. Akatazama mawingu. Akawahesabu wenzake na mikono yao.

"Alhamisi," alisema.

Halikuisha Alhamisi, kwa sababu mvua ilinyesha Jumatano kutwa na kamba zikateleza. Lakini Jumatano hiyohiyo jioni, kabla mama Sikujua hajafungua gunia la unga, Salmini alipanda kilima na matope yamemfika magotini, akagonga kwake, akamwambia itakuwa Ijumaa.